Bibi Zetu Walizaa Zaidi Yetu: Historia ya Kuongezeka kwa Watu Gitega na Muyinga



Ndugu wasomaji, wazazi wetu na wanafunzi wetu popote mlipo, ukikaa barazani baada ya Alasiri, iwe ni Gitega mjini au Muyinga, hutakosa kulisikia neno hili: watu wa siku hizi wanazaa mno, ndiyo maana mashamba yamekwisha. Wazee wanalisema, redio inalisema, na vijana nao wamelimeza bila kulitafuna. Sisi tunaofundisha watoto tumeona ni vyema jambo hili litazamwe kwa historia na kwa hesabu, kwa sababu nusu yake ni kweli na nusu yake si kweli. Kweli ni kwamba mashamba yamekwisha. Si kweli kwamba watu wa siku hizi wanazaa kuliko waliowatangulia. Bibi zetu walizaa zaidi yetu. Tofauti ni kwamba wao walizika wengi.

Wataalamu wa takwimu wana neno lao, ongezeko la asili. Maana yake ni nyepesi. Chukua waliozaliwa katika mwaka, toa waliokufa mwaka huo huo, kinachobaki ndicho ongezeko la asili. Wanaohama na wanaohamia hawamo katika hesabu hiyo, nao tutawarudia, kwani katika nchi yetu ndio wanaowachanganya watu wengi.

Sasa tazama. Karibu na wakati wa uhuru, mnamo mwaka 1960, katika kila watu 1,000 wa Burundi walikuwa wakizaliwa watoto baina ya 45 na 50 kwa mwaka, na walikuwa wakifa watu zaidi ya 20. Miaka hii wanazaliwa kama 35 na wanakufa kama 7. Mwanafunzi afanye kutoa mwenyewe. Wakati ule ilibaki kama 25, na leo inabaki kama 28. Yaani uzazi umeshuka kwa watoto kumi au zaidi katika kila elfu, na pamoja na hayo ongezeko limepanda kidogo, kwa kuwa vifo vimeshuka kuliko uzazi ulivyoshuka. Anayetaka kuelewa Gitega na Muyinga za leo aanze hapo, asianze kwenye lawama.

ENZI ZA SOTOKA NA NDUI

Historia yenyewe inaanza na kupungua, si kuongezeka. Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala kuanzia katikati ya karne ya 19 mpaka alipofariki mwaka 1908, aliona mwisho wa utawala wake ukijaa misiba. Mnamo 1890 na 1891 sotoka iliingia katika nchi zote za Maziwa Makuu ikaua ng'ombe. Kwa Mrundi wa wakati ule ng'ombe alikuwa maziwa ya mtoto, mahari ya kijana na mbolea ya shamba, kwa hiyo alipokufa ng'ombe, mtu naye alikuwa karibu. Kisha akaja funza. Mdudu huyu alivuka bahari na meli kutoka Brazil akashuka pwani ya Angola mwaka 1872, akatembea miguuni mwa wapagazi na misafara mpaka akafika kwetu. Watu walikatika vidole, wakashindwa kulima. Ikafuata ndui, wakafuata nzige, ikafuata ukame. Na mwanzoni mwa karne ya 20, huko Imbo kando ya Ziwa Tanganyika, malale iliua watu na kuwahamisha wengine kutoka ufukweni.

Hakuna aliyehesabu maiti wa miaka ile. Lakini kila aliyeandika juu ya nchi hizi anakubali kwamba zilikuwa ni zama ambazo vifo vilikaribia uzazi, na mara nyingine viliupita.

Wajerumani walihamishia makao ya utawala wao Gitega mwaka 1912, kutoka Usumbura ambayo leo ni Bujumbura. Pamoja na askari wakaja wafanyabiashara na mafundi, watu wa Ujiji, wa Tabora, wa Manyema na wa pwani, na kwa njia hiyo msikiti na lugha hii tunayoandikia vikapata mizizi Gitega. Tunalitaja hili kwa sababu lina uhusiano na habari yetu. Jamii ya Waislamu wa Burundi, ambayo katika sensa ya 2008 ilikuwa kama asilimia 2 na nusu ya watu wote, kwa sehemu kubwa ilianzia mjini. Mzee wa Kiswahili alikuwa na nyumba na duka, au cherehani, lakini hakuwa na itongo. Itongo, kwa asiyejua Kirundi, ni ile ardhi ya ukoo iliyoko mlimani, anayoirithi mtoto kutoka kwa baba. Kwa miaka mingi tatizo la ardhi tulilisikia kama habari za jirani. Leo, baada ya kuoleana na kuenea vijijini, hasa upande wa Muyinga ambako Waislamu ni wengi kuliko sehemu nyingi za nchi, habari hiyo ni yetu pia.

Wabelgiji waliichukua nchi mwaka 1916. Wao walipenda kuhesabu, lakini walihesabu kile walichokitaka, yaani wanaume wazima wanaoweza kulipa kodi. Wanawake na watoto waliongezwa kwa kukisia. Kwa hiyo msomaji akikuta kitabu kinachomtajia idadi ya Warundi wa mwaka 1925 mpaka mtu wa mwisho, ana ruhusa ya kutabasamu.

Ni katika enzi hiyo ndipo vifo vilipoanza kulegea. Walichanja watu ndui. Walijenga zahanati, nyingine za serikali na nyingi za misheni. Walilazimisha muhogo na viazi vitamu vipandwe, kwa amri na kwa kiboko, ili pawe na kitu ardhini mvua ikikosekana, na barabara zikaweza kupeleka chakula kwenye njaa. Haya hayakuondoa njaa. Njaa ya 1943 na 1944 iliua watu wengi sana Rwanda na ikagusa na sehemu za Urundi. Lakini baada ya vita vya pili vya dunia dawa za sindano zilifika, na tangu hapo mstari wa vifo ukaelekea chini.

WATOTO SABA WA BIBI

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1962 ilikuwa na watu kama milioni 3. Mama alizaa kwa wastani watoto karibu saba, na takriban mtoto mmoja katika kila wanne hakufikia umri wa miaka mitano. Surua ilikuwa ikipita mlimani kama mvuvi na wavu wake. Kuna kina mama ambao hawakumhesabu mtoto mpaka surua impite.

Darasani huwa tunawaambia wanafunzi waulize nyumbani bibi alizaa wangapi, kisha waulize wangapi walikua. Swali la kwanza hujibiwa haraka. La pili huwa linachelewa, na mara nyingine bibi hutaja majina ambayo hata mama wa mtoto hakuwahi kuyasikia.

Utafiti wa afya na uzazi uliofanywa mwaka 1987 ulikuta bado mama anazaa karibu saba, lakini vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilikuwa vimeshuka mpaka kama 150 katika kila 1,000. Chanjo za surua, pepopunda, kifaduro, polio na kifua kikuu zilikuwa zimeanza kufika vijijini. Mwaka 2010 utafiti wa pili ulikuta watoto 6.4 kwa mama mmoja, na vifo 96 katika kila 1,000. Wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta watoto 5.5, na vifo 78.

Hapa katikati kuna jambo moja ambalo wazazi wa Gitega na Muyinga wanalikumbuka wenyewe. Tarehe 1 Mei 2006 Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba matibabu ya watoto chini ya miaka mitano, na kujifungua katika vituo vya serikali, vitakuwa bure. Wodi zilifurika, kina mama wakalazwa wawili kitanda kimoja, na wauguzi walilalamika kwa haki. Lakini matokeo yake yanaonekana. Mwaka 2010 akina mama 60 katika 100 walijifungulia hospitali au kituo cha afya. Katika utafiti wa 2016 na 2017 walikuwa 84. Haya si mambo madogo, na anayeyaita matatizo kwa sababu tu yameongeza watu, basi angefikiri ni mtoto wa nani angependa arudishwe kaburini.

Sasa msomaji makini atauliza swali. Kama mama wa leo anazaa 5.5 na sio saba, na katika hao wanabaki hai kama watano, na wa mwaka 1987 walimbakia karibu sita, mbona ongezeko halijashuka? Jibu ni kwamba kina mama wenyewe ni wengi. Yule binti aliyechanjwa surua mwaka 1985 akapona, huyo ndiye aliyekuwa akizaa mwaka 2005. Angekufa, asingezaa hata mmoja. Mama mmoja mmoja anazaa pungufu, lakini wako wengi, na idadi yao imetokana na vifo vilivyozuiliwa miaka 20 na 30 iliyopita. Kwa hiyo kinachoitwa uzazi wa leo, sehemu yake kubwa ni afya ya jana.

SENSA NNE NA VITA BAINA YAKE

Burundi huru imefanya sensa kubwa nne. Ya Agosti 1979 ilikuta watu milioni 4 na kidogo. Ya 1990 ilikuta milioni 5.1. Ya Agosti 2008 ilikuta 8,053,574. Ya 2024, ambayo kwa mara ya kwanza iliunganisha watu, nyumba, kilimo na mifugo, ilikuta zaidi ya milioni 12. Mara tatu katika miaka 45, juu ya ardhi ile ile ya kilomita za mraba 27,834, nayo ina ziwa ndani yake.

Baina ya sensa ya pili na ya tatu kulikuwa na vita. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na kilichofuata kilichukua roho za watu wanaokadiriwa kuwa 300,000. Kabla ya hapo kulikuwa na mauaji ya 1972. Baadhi ya vijana hutuuliza, mbona basi watu hawakupungua? Kwa hesabu kavu, nchi ya watu milioni 5 yenye ongezeko la asili la zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka huongeza zaidi ya watu laki moja kila mwaka, na vita vilidumu zaidi ya miaka kumi. Tunayasema haya kwa hadhari. Hatutaki mtoto asome jedwali la sensa akadhani vifo vile vilikuwa vichache kwa kuwa jumla ilipanda. Jumla haimjui mtu. Katika milima ya Gitega kuna nyumba ambazo baada ya Oktoba 1993 hazikuwa na wa kuhesabiwa.

Na kuna waliohesabiwa katika nchi nyingine. Waliokimbia mwaka 1972 walipelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo huko Tanzania. Waliokimbia baada ya 1993 walikuwa katika kambi kama Lukole ya Ngara, ng'ambo tu ya mpaka wa Muyinga, na Mtabila ya Kasulu. Huko walioana na wakazaa. Ongezeko la asili la Warundi halikusimama mpakani, liliendelea upande wa pili, likasoma shule na kuzungumza Kiswahili. Kuanzia 2002 mpaka 2009 walirudi kama nusu milioni. Mzee aliyeondoka 1972 na mke na watoto wawili alirudi na wajukuu, akamkuta kwenye itongo lake mtu ambaye naye ana wajukuu. Hakuna kati yao aliyezaa kupita kiasi kwa desturi za wakati wake. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa mwaka 2006 kuamua kesi hizo, ilikuwa inagawa kitu kimoja kwa koo mbili zilizokua kwa wakati mmoja.

GITEGA ILITOA, MUYINGA ILIPOKEA

Tumefika mahali ambapo historia ya miji yetu miwili inafundisha kuliko takwimu za nchi nzima. Mwaka 1990 mkoa wa Gitega ulikuwa na watu 565,000 hivi, na wa Muyinga 373,000 hivi. Mwaka 2008 Gitega ilikuwa na 725,000 na Muyinga 632,000. Pigeni hesabu. Katika miaka 18 Gitega iliongezeka kwa watu 28 katika kila 100, na Muyinga kwa watu 69 katika kila 100.

Mtu wa haraka atasema watu wa Muyinga wanazaa mara mbili ya wa Gitega. Wako wanaosema hivyo, na wengine wanaongeza maneno juu ya dini ya watu wa Muyinga ambayo hatutayarudia hapa. Lakini tofauti kubwa namna hiyo haipatikani kitandani. Inapatikana barabarani. Nyanda za juu za kati, Gitega, Muramvya, Ngozi na Kayanza, zimejaa tangu zamani, na kwa vizazi vingi zimekuwa zikitoa watu kwenda kule ambako bado kulikuwa na nafasi: Imbo, Kumoso, Kirundo, Cankuzo na Muyinga. Kijana wa tatu au wa nne wa Gitega, aliyeona itongo la baba halimtoshi, alichukua jembe akaelekea kaskazini mashariki. Vita navyo viliwasukuma watu, na kurudi kwa wakimbizi kutoka Ngara kulipitia mpaka wa Kobero, na wengi hawakufika mbali zaidi ya hapo.

Sasa tazama upande wa ardhi, maana ndiko jambo lilikofungwa. Mwaka 1990 Muyinga ilikuwa na watu kama 200 katika kila kilomita ya mraba, na Gitega kama 285. Mwaka 2008 Muyinga ilikuwa na zaidi ya 340, na Gitega zaidi ya 365. Yaani Muyinga, mahali pa kukimbilia, ilikuwa imeifikia Gitega, mahali pa kukimbiwa. Tangu hapo sensa nyingine imepita na watu zaidi ya milioni 4 wameongezeka nchini, na mwaka 2025 mikoa 18 imekuwa mitano, Muyinga ikiingia katika mkoa wa Buhumuza, na Gitega ikibaki na jina lake na cheo chake cha makao makuu ya siasa alichorudishiwa mwaka 2019. Mipaka ya mikoa imebadilika, lakini nafasi ya kulima haikuongezeka kwa hilo.

Huu ndio mlango wa mwisho kufungwa, na kabla yake kulikuwa na mingine. Katika miaka ya 1920 mpaka 1950 Warundi walikwenda Buganda kulima pamba na kahawa za watu, wakaenda Tanganyika kwenye mkonge, ndio hao walioitwa manamba. Walikimbia kodi na kazi za lazima, lakini vilevile walikuwa ni ziada ya milima ambayo mashamba hayakuweza kuilisha. Wengine walibaki hukohuko na leo wajukuu wao ni raia wa Uganda na Tanzania. Mlango ule ulifungwa polepole baada ya uhuru wa nchi hizi. Mwaka 2013, katika Operesheni Kimbunga, Tanzania iliwarudisha maelfu ya Warundi waliokuwa wakiishi bila vibali katika mikoa yake ya magharibi, na baadhi yao walikuwa wamekaa huko miongo.

Kwa hiyo jambo lililobadilika katika maisha yetu sio kwamba ongezeko la asili limeanza. Lilikuwepo tangu babu zetu. Lilikuwa likimwagika nje, na sasa linabaki ndani.

HESABU YA MIRATHI

Tunaofundisha ilmu ya faraidh tunaliona hili ubaoni. Familia nyingi za milimani zina kama nusu hekta, yaani mita za mraba 5,000. Amefariki mtu, ameacha mke, watoto wa kiume watatu na wa kike wawili. Mke anapata thumni, mita 625. Zinabaki 4,375, zinagawanywa mafungu manane, kila mwanamume mawili na kila mwanamke moja. Mwana atapata mita 1,094 hivi, na binti karibu 547. Sasa mwanafunzi achukue fungu la mwana mmoja, amfanye naye afe akiwa na warithi wale wale. Mjukuu wa kiume atapata mita za mraba 240 hivi. Ni eneo la hatua 12 kwa 20. Litatosha nyumba, choo na migomba michache, na hakuna hapo chakula cha mwaka.

Wanafunzi wengine hudhani hesabu hii ni ngumu kwa sababu sheria yetu inawapa mabinti. Desturi ya Kirundi haimpi binti itongo la baba ila haki ya kulitumia, na mpaka leo nchi haina sheria iliyoandikwa ya mirathi inayomhakikishia. Lakini tuwatoe mabinti na mke wote, dhulma ambayo hatuifundishi, na bado kila mwana atapata mita 1,667, na mjukuu 556. Kumnyima dada kunachelewesha mwisho kwa kizazi kimoja tu, na kunaharibu udugu tangu siku ya kwanza. Kesi zilizojaa mahakamani Burundi nyingi ni za ardhi, na nyingi ya hizo ni baina ya watu wa tumbo moja.

Katika fiqhi kuna njia ambayo watu hawaitumii vya kutosha, nayo ni takharuj: mrithi mmoja anakubali kwa hiari yake kutoka katika fungu la ardhi kwa kulipwa kitu kingine, fedha au bidhaa. Kwa njia hiyo shamba linabaki zima mikononi mwa mmoja au wawili, na wengine wanapata mtaji wa biashara au ada ya ufundi. Sharti lake ni kwamba mwenye kubaki awe na cha kulipa, na wengi hawana. Lakini familia zenye mtu mmoja Bujumbura, au Mwanza, au Ughaibuni, zingeweza kuifikiria mapema, kabla ya mzee kufariki na nyoyo kuingia kutu.

Serikali nayo ilitambua mambo haya. Dira ya Burundi 2025, iliyotolewa mwaka 2011, ilitaka ongezeko la watu lishuke mpaka asilimia 2 kwa mwaka. Ukizipima sensa za 2008 na 2024, ongezeko limekuwa zaidi ya asilimia 2 na nusu. Mwaka 2017 wanaoishi pamoja bila ndoa waliamriwa kuoana kabla ya mwisho wa mwaka, na mojawapo ya sababu zilizotajwa ilikuwa ni wingi wa watu, jambo ambalo kwa maoni yetu lilikuwa ni kutibu kichwa kwa dawa ya mguu. Ndoa ni kheri, lakini haijulikani kwa kupunguza watoto.

Waliofanikiwa kushusha uzazi walipita njia nyingine. Rwanda, milima ile ile na ardhi ndogo ile ile, ilikuwa na watoto 6.1 kwa mama mwaka 2005, na 4.1 katika utafiti wa 2019 na 2020. Bangladesh, nchi ya Waislamu na yenye msongamano kutupita sisi, ilikuwa na zaidi ya 6 mwanzoni mwa miaka ya 1970 na ikafika 2.3 katika miaka ya 2010. Kule wanawake wenye mafunzo walipita nyumba kwa nyumba vijijini, wakazungumza na wanawake wenzao, na wasichana wakabakizwa shuleni. Kwetu wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa za kupanga uzazi walikuwa 18 katika 100 mwaka 2010, na 23 katika utafiti wa mwisho. Upande wa hukumu tunawaachia masheikh wetu, ila tunakumbusha kwamba mjadala huu si mgeni wala haukuletwa na wazungu. Wanazuoni walizungumzia azl tangu karne za mwanzo, na Imam Ghazali aliiandikia kwa urefu na hakuiharamisha.

Hata hivyo wazazi wasitarajie kuona mabadiliko kesho. Mtoto wa kike aliyehesabiwa mchanga mgongoni mwa mama yake Agosti 2008 alikuwa na miaka 16 ilipokuja sensa ya 2024. Karibu nusu ya Warundi wote hawajafikisha miaka 18. Hata kama kila mmoja wao ataoa au kuolewa kwa wakati na kuzaa watatu tu, idadi itaendelea kupanda kwa miaka mingi kabla ya kutulia, kwa kuwa wazazi wa watoto hao wamekwisha zaliwa.

Tunawaomba wanafunzi wa madrasa za Gitega na Muyinga, katika likizo inayokuja, wachukue daftari wakae na bibi na babu. Waandike majina ya watoto wote waliozaliwa, wapi walizaliwa, nani alikufa akiwa na umri gani na kwa ugonjwa gani, nani alikwenda Uganda au Tanzania na kama alirudi, na itongo lilikuwa na ukubwa gani wakati wa kila mmoja. Waandike na wale waliokufa kabla ya kupewa majina. Waleteni walimu wenu daftari hizo nasi tutazipanga pamoja, kwani wengi wa watoto hao hawamo katika sensa yoyote kati ya zile nne, na bibi wanaowakumbuka wanazidi kupungua.